MKWAJUNI YATOA DHAHABU, YENYEWE YAPATA NINI?

Katika mkutano mmoja wa chama uliofanyika Vwawa, ndugu mmoja kutoka wilaya nyingine ya mkoa huu huu alituuliza mbele ya watu, "Ninyi wa Mkwajuni mmekuja kama wageni au kama wajumbe? Mimi nilidhani huko kwenu ni Mbeya." Watu wakacheka, nasi tukacheka nao, maana mtu akiwa ugenini hucheka wanapocheka wenyeji. Lakini tulipopanda gari kurudi kwetu kicheko kile kilikuwa kimekwisha. Kutoka Vwawa tulishika barabara kuu kwenda mashariki, tukautoka Mkoa wa Songwe, tukaingia Mkoa wa Mbeya, tukashuka Mbalizi, na hapo tukaanza kutafuta gari jingine la kutushusha bondeni, hata jioni tukaingia tena katika mkoa wetu wenyewe. Yaani mwananchi wa Mkwajuni anayekwenda makao makuu ya mkoa wake, kwa njia waliyoizoea watu na magari ya abiria, hupita kwanza katika mkoa wa watu wengine. Kwa hiyo ndugu yule hakukosa sana. Alisema kwa mdomo yale ambayo barabara huyasema kila siku.

Sisi tulio katika kazi ya kuandikisha wanachama na kufungua matawi twasikia maneno kama hayo mara kwa mara, tena si kwa wasiojua tu. Hata wakubwa wakisema "Songwe" huwa wana maana ya Tunduma na forodha yake, malori yake yaliyopangana hadi mpaka wa Zambia, na fedha za kigeni zinazobadilishwa barabarani. Au wana maana ya Mbozi na kahawa yake. Mkwajuni hutajwa pale tu linapotajwa neno dhahabu, na likiisha kutajwa neno hilo Mkwajuni husahauliwa tena. Ndiyo sababu twaomba leo nafasi katika gazeti hili tuseme habari za mahali hapa kwa kirefu kidogo, juu ya jinsi palivyokuwa na jinsi watu wanavyoishi, na mwisho tuseme jambo linalotusumbua.

Jina lenyewe ni jepesi. Mkwajuni ni mahali penye mkwaju, mti wenye kivuli kizuri na tunda chachu ambalo akina mama hulitia katika uji na watoto hulilamba njiani. Mji uko katika bonde la Rukwa, chini ya milima, na mtu aliyetoka Mbeya asubuhi na koti lake hulivua kabla hajafika Galula. Wenyeji wa asili wa nchi hii ni Wabungu. Lakini hesabu makabila ya watu wanaokaa katika benchi moja kusubiri gari, utapata Wasafwa, Wanyiha, Wakimbu, Wanyakyusa, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na Wahaya au Wachaga waliokuja na duka. Dhahabu haikuuliza mtu kabila lake, na hapa hilo twalihesabu kuwa jambo jema, ingawa dhahabu yenyewe haikulifanya kwa wema.

Hata jina la Songwe lina pacha wake. Kuna Mto Songwe unaotenga Tanzania na Malawi na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Na kuna Mto Songwe wa kwetu unaopita Galula na kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Mgeni huchanganya mito hii miwili. Twaomba aikumbuke tofauti hiyo, maana huko mbele tutairudia habari ya maji ya Rukwa.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na Wilaya ya Songwe ikamegwa kutoka Chunya, makao yake yakawekwa Mkwajuni. Siku zile watu walifurahi kweli kweli. Mzee mmoja alituambia kwamba kabla ya hapo, shauri la shamba au la cheti lilikuwa safari ya kwenda Chunya, na safari ya Chunya ilikuwa siku tatu: ya kwenda, ya kuambiwa rudi kesho, na ya kurudi. Ofisi za wilaya zilipokuja Mkwajuni, zilikuja na watumishi wanaotaka vyumba vya kupanga, na vyumba vikaja na mafundi, na mafundi wakaja na mama lishe. Hivyo ndivyo kijiji kinavyogeuka kuwa mji, wala si kwa tangazo.

Lakini historia ya mahali hapa ni ya zamani kuliko ofisi, na yafaa isimuliwe upya, kwa kuwa vijana wengi wa machimboni hudhani mambo yalianza na mashine walizozikuta. Mwaka 1922, mwaka ule ule ambao Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, dhahabu ilionekana katika mchanga wa Mto Lupa. Hapo kwanza waliokuja kuichekecha hawakuwa wengi. Jambo lililowaleta kwa wingi halikutokea Lupa, lilitokea ng'ambo. Mwaka 1929 biashara ya dunia ilianguka. Mwaka 1931 Uingereza ikaacha kuifunga paundi yake na dhahabu. Mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20 na senti 67 hadi dola 35 kwa wakia moja. Mazao yote yalikuwa yameshuka bei na dhahabu peke yake ilikuwa imepanda. Basi walowezi waliofilisika na watu wasio na kazi wakaja Lupa na makarai yao, wakapiga mahema kando ya kila kijito. Mji wa Mbeya, ulioanzishwa miaka ile ya 1920, ulinenepa kwa vumbi hilo. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikienda Cape Town zilikuwa zikitua Mbeya. Fikirini, ndugu zetu: ndege ilijua njia ya kuja karibu na dhahabu yetu miaka mingi kabla basi halijajua njia ya kuja Mkwajuni.

Mzungu alishika leseni, na aliyeshika sururu alikuwa Mwafrika. Watu walitoka Rungwe kwa miguu, wakapanda milima na kuishuka, wakaja kuchimba na kubeba. Mchele wa Wanyakyusa ulibebwa hadi Lupa kuwalisha wachimbaji, kwa hiyo hata mkulima ambaye hakuwahi kuiona dhahabu aliingizwa katika shughuli yake. Wachimbaji wengi wa Kizungu walikuwa wenyewe hawana mtaji, na walipokosa dhahabu, mfanyakazi alikosa mshahara. Baadaye mchanga wa mitoni ulipopungua, kazi ikageukia mwamba wa chini, na Saza, hapa hapa katika wilaya yetu, pakawa na mgodi mkubwa wa mwamba uliofanya kazi hata miaka ya 1950 ukafungwa. Vijana waliokuwa wamezoea kuishi kwa sururu hawakurudi wote shambani. Wengine walikwenda Rhodesia ya Kaskazini kuchimba shaba, wengine wakachukuliwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu ya Makaburu Afrika Kusini, hadi Tanganyika ilipopata Uhuru na Serikali ikakataza watu wake kuandikwa kwa kazi hiyo. Hilo la kukataza lilikuwa tendo la heshima. Lakini watu waliokatazwa kwenda Johannesburg walikuwa bado wanahitaji mahali pa kwenda, na nchi changa haikuwa na jibu kwa kila mtu.

Tulimpata mzee mmoja upande wa Saza ambaye baba yake alifanya kazi katika mgodi mmoja wakati wa vita vya pili. Tulimwuliza, "Mzee wetu, baba alirudi na nini?" Akasema, "Blanketi moja na kikohozi." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayesoma orodha ya vitu. Kisha akatuuliza sisi, kwa kuwa tumesoma, kama dhahabu ile aliyoichimba baba yake iko wapi sasa. Tulimjibu kwamba huenda imo katika hazina ya benki fulani, imepangwa kama matofali chini ya ardhi. Mzee akafikiri, akasema, "Kumbe waliitoa chini ya ardhi hapa wakaenda kuifukia chini ya ardhi kwao." Katika chuo cha ualimu tulisomeshwa uchumi mihula kadha, wala hatukupata kusikia maneno yaliyo wazi kuliko hayo.

Basi tuje katika maisha ya leo. Mkwajuni huamka kabla ya jua kwa sababu ya joto. Gari la kwanza la kwenda Mbeya hupiga honi gizani, na utingo hutaja majina ya abiria kwa kelele kana kwamba mji wote wasafiri. Akina mama wanawasha moto wa chapati na supu. Wachimbaji waliokesha duarani wanarudi wamejaa vumbi jeupe, nyusi nyeupe, wote wamekuwa wazee kwa usiku mmoja, na wengine wanakwenda kuwapokea. Sokoni samaki wa Rukwa wamepangwa juu ya gunia, wabichi kwa wenye pesa na wakavu kwa wengine. Msimu wa ufuta ukifika, habari zote ni za ufuta: bei ya mnadani imekuwaje, ghala limefunguliwa au bado, fedha zitaingia lini. Msimu wa mvua habari zote ni za barabara.

Na nyuma ya kelele zote hizo ni kelele ya makarasha. Msomaji asiyelijua karasha ajue kuwa ni mashine ya kusaga mawe yenye dhahabu hata yawe unga. Husaga mchana, husaga usiku, na mtoto aliyezaliwa karibu nayo hulala vizuri nayo ikinguruma, akaamka inaponyamaza. Mawe hutoka katika duara, yaani shimo, yametiwa katika mifuko. Mifuko hugawanywa: wa mwenye leseni, wa mwenye duara aliyetoa chakula na baruti, wa wachimbaji wenyewe. Mchimbaji aliyepata mifuko yake huenda nayo karashani, hulipa gharama ya kusaga, na unga unaobaki baada ya kuoshwa, ambao huitwa marudio, kwa kawaida humwachia mwenye karasha. Marudio hayo yana dhahabu bado, tena wakati mwingine nyingi kuliko iliyotoka mara ya kwanza, na mwenye mtaji huipata kwa dawa kali katika matangi. Kijana wa duarani alijua jambo hilo tangu zamani. Haachi kwa ujinga, ila hana tangi.

Hatusemi haya ili kumtukana mwenye karasha. Yeye naye ni mwananchi, mara nyingi ni mtu aliyeanza duarani akapata bahati. Twasema ili wale wanaodhani kuwa unyonyaji lazima uje na meli kutoka Ulaya wajue kwamba hata mwenzetu anaweza kuukalia mfuko wetu.

Karibu nasi, upande wa Mbangala, kuna mgodi mkubwa wa New Luika, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2012. Kampuni yake, Shanta Gold, hisa zake zilikuwa zikiuzwa katika soko la London hadi mwaka 2024 ilipochukuliwa na wenye mali wapya. Nchi yetu ilibadili sheria zake mwaka 2017. Mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia. Bunge likapitisha pia sheria inayosema wazi kwamba maliasili ni mali ya wananchi wa Tanzania daima. Mwaka 2019 yakaja masoko ya madini, na wachimbaji wadogo wakaondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mambo haya ni makubwa na twayasifu. Kabla ya masoko, kijana aliuzia dhahabu yake gizani kwa mtu mwenye mizani yake mwenyewe na bei yake mwenyewe. Sasa anaweza kuuliza bei mahali penye watu.

Walakini tufanye hesabu ya darasa la nne. Chukua dhahabu ya shilingi bilioni 1. Kwa asilimia 6 na 1 za sheria ile ya 2017, mrabaha na ada ya ukaguzi ni shilingi milioni 70, na fedha hizo huenda Serikali Kuu. Halmashauri ambamo shimo limo hutoza ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Hiyo ni shilingi milioni 3. Milioni 70 kwa milioni 3. Hatusemi kwamba ile milioni 70 imepotea. Serikali Kuu hulipa walimu wetu, huleta dawa, hutengeneza madaraja, na tangu mwaka 2016 mtoto wa Mkwajuni husoma bila ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita. Twajua pia kwamba kuna wilaya zisizo na dhahabu wala samaki, nazo zina watoto. Taifa ni moja. Lakini ile milioni 3, hiyo ndogo, hiyo ya kwetu, je, nani katika wasomaji wa Mkwajuni, Saza, Mbangala au Galula amepata kuona hesabu yake? Sisi tuliuliza katika mikutano mitatu. Watu walitazamana.

Na hapa ndipo penye jambo letu. Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017 yasema kwamba mwenye leseni ya mgodi apange kila mwaka mpango wa kuwasaidia wananchi wa mahali alipo, akubaliane na halmashauri. Na halmashauri isimamie mpango huo, tena iwaelimishe wananchi juu ya miradi iliyomo katika eneo lao. Iwaelimishe wananchi: haya si maneno ya wapinzani wala ya magazeti, ni maneno ya sheria. Kadhalika halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha akina mama, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Ikiwa mapato ya ndani ni haya ya dhahabu, basi kundi la akina mama wanaouza samaki sokoni lina haki ya kujua ni kiasi gani kiliingia ili lijue ni kiasi gani cha kukopa. Mtu hawezi kudai asilimia 10 ya kitu asichokijua.

Tunasikia jibu kabla halijatolewa: hesabu zipo, zimebandikwa, mwananchi hajisumbui kusoma. Kuna ukweli humo. Tumeona sisi wenyewe karatasi zimebandikwa mbao za matangazo, jua limezila, maandishi madogo kama ya kitabu cha sala, na maneno yake hata mwalimu huyasoma mara mbili. Basi zisomwe kwa sauti. Mkutano mkuu wa kijiji ni chombo cha sheria. Hukutana, au hupaswa kukutana, kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji asome shilingi zilizoingia, asome zilizotoka, akae chini aulizwe.

Sasa habari ya maji, ambayo tuliahidi kuirudia. Mchimbaji mdogo huitoa dhahabu kwa zebaki. Humimina zebaki katika karai lenye unga uliooshwa, akachanganya kwa mkono, zebaki ikaishika dhahabu; hukamua kwa kitambaa; kisha hukichoma kile kidonge hata zebaki iruke hewani na dhahabu ibaki. Moshi wake hauonekani vizuri wala haunuki, kwa hiyo watu hawauogopi. Tumeona ikichomwa juu ya jiko la mkaa ambalo baadaye lilipikia ugali. Sumu hiyo huingia kwa pumzi, hudhuru ubongo na figo, mikono ikatetemeka, na mama mjamzito humpa mtoto asiyezaliwa bado. Iliyobaki katika marudio huenda na mvua hadi mitoni. Wajapani wa mji wa Minamata walijua mambo haya kwa gharama kubwa: mwaka 1956 iligunduliwa kwamba watu wanapatwa na ugonjwa wa ajabu, na baadaye ikaonekana kuwa ni kwa kula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umeitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Ziwa Rukwa halina mlango wa kutokea. Maji huingia, kutoka Songwe na mito mingine ya bonde, lakini hakuna mto unaotoka kuyapeleka baharini. Maji hupungua kwa jua tu. Kinachoingia Rukwa hukaa Rukwa. Na Rukwa ndiyo kitoweo chetu. Mtu anayesema habari ya zebaki ni ya wataalamu wa Dodoma aende sokoni Mkwajuni jioni atazame watu wanabeba nini kwenda nyumbani.

Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho huchomea kidonge ndani, moshi wa zebaki ukapozwa na kurudi kuwa zebaki tena. Mchimbaji haipotezi, huitumia mara ya pili. Fundi mwema wa kuchomelea aweza kukitengeneza. Kwa nini basi hatukioni? Tuliuliza kikundi kimoja cha vijana. Mmoja akasema kinachukua muda. Mwingine akasema hawezi kuiona dhahabu yake ikiwa ndani, naye hamwamini mwenye chombo. Jibu hili la pili tumelifikiria sana. Watu waliokwisha kuibiwa mara nyingi watapendelea sumu wanayoiona kuliko usalama wasiouona. Basi kitengenezwe mbele yao, kiwe chao wenyewe katika ushirika wao, kichomewe mbele yao.

Jambo la shule tutalisema kwa ufupi kwa kuwa latuumiza. Tulipokuwa wanachuo tulipelekwa kufundisha kwa mazoezi katika shule moja isiyo mbali na machimbo. Jumatatu moja daraja la juu lilikuwa na nusu ya watoto wake. Habari zilikuwa zimefika kwamba kuna mahali papya panatoa vizuri. Kijana mmoja alirudi baada ya wiki mbili amevaa viatu vipya, akaja ofisini kwa adabu, akasalimu shikamoo, akauliza, "Mwalimu, ukimaliza chuo utalipwa shilingi ngapi kwa mwezi?" Tukamwambia. Akainama, hakucheka, akasema, "Pole, mwalimu." Hakuonekana tena darasani. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya, na wakati ule Chunya yetu ilikuwa imo katika Mbeya hiyo. Taarifa ilisomwa Ulaya. Hapa tulihitaji isomwe na mwenye duara anayempa mtoto wa miaka kumi na minne kazi ya kuosha unga, na mzazi anayeipokea fedha yake jioni bila kuuliza.

Wala chama hakina haki ya kujitoa katika lawama. Sisi tumezoea kushuka bondeni nyakati za uchaguzi, tumevaa mashati mazuri, tukahutubia juu ya mkoa na taifa, tukapewa kuku, tukaondoka kabla mvua haijaharibu njia. Katika daftari letu la tawi kuna majina mengi ya mwezi mmoja wa kampeni na ukurasa mtupu wa miezi kumi na minane baada yake. Ukurasa ule tumeuona kwa macho yetu, na jina la katibu aliyepaswa kuujaza ni letu. Mchimbaji mmoja tuliyemwomba ajiunge alituuliza kama chama kinajua kwamba duara lililoporomoka haliulizi kadi ya mtu. Hatukuwa na jibu siku ile. Tulimsaidia kubeba mifuko.

Basi tumeamua katika tawi letu kufanya mambo machache tuyawezayo. Tumeandika barua kuomba nakala ya hesabu za ushuru wa huduma kwa mwaka wa fedha uliopita, na nakala ya mpango wa kuwasaidia wananchi uliokubaliwa. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Muhuri huo tumeutunza. Tumemwomba fundi mmoja wa kuchomelea atengeneze chombo kimoja cha kuchomea dhahabu, kwa michango yetu, kijaribiwe hadharani. Na walimu wawili wanachama watakwenda duarani kila Jumamosi, si kukamata watoto, ila kuzungumza na wenye maduara mmoja mmoja na kuandika majina ya watoto watakaorudi shule.

Mkutano wa tawi utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao saa kumi, jua likipoa. Ndugu wa Saza na Mbangala waje na maswali yao yameandikwa, maana yasiyoandikwa hujibiwa kwa hadithi. Wavuvi wanaoleta samaki waje. Wenye makarasha waje pia. Hawatatukanwa, ila wataulizwa juu ya marudio. Ndugu yule wa Vwawa tumemwandikia barua ya kumwalika, na kwa kuwa hajui njia tumemchorea nyuma ya karatasi: aende Mbeya kama anaondoka katika mkoa, ashuke Mbalizi, aulize gari la Mkwajuni, na asisahau kuvua koti.